HomePod (kizazi cha kwanza)

HomePod ya kizazi cha kwanza ni spika janja iliyotengenezwa na kampuni ya Apple ya Marekani. Ilitangazwa tarehe 5 Juni 2017, ikaanza kuuzwa tarehe 9 Februari 2018, na tarehe 12 Machi 2021 Apple ilitangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Inajulikana hasa kwa namna wateja walivyogawanyika juu yake. Wengi walisifu sauti yake, lakini bei kubwa, udhaifu wa kisaidizi chake cha sauti na kufungamana kwake na vifaa vya Apple viliwazuia wengi kuinunua. Baada ya kusitishwa, baadhi ya watu waliitafuta kuliko ilipokuwa dukani.

Usuli

Spika janja ni spika inayounganishwa na intaneti na kupokea amri za mdomo kupitia kisaidizi cha sauti. Soko lake lilifunguliwa na kampuni ya Amazon iliyoleta Echo mwaka 2014, ikafuatwa na Google iliyoleta Google Home mwaka 2016. Vifaa hivyo viliuzwa kwa bei ya kawaida na viliegemea zaidi uwezo wa kujibu maswali na kuwasha vyombo vya nyumbani.

Apple iliingia kwa mkondo tofauti. Iliitambulisha HomePod kama chombo cha muziki kwanza, halafu kisaidizi. Ilipangwa kuuzwa Desemba 2017, lakini mwezi Novemba kampuni ilisema inahitaji muda zaidi, na mauzo yakasogezwa hadi mwaka uliofuata. Nchi za kwanza kuipata zilikuwa Marekani, Uingereza na Australia. Kanada, Ufaransa na Ujerumani zilifuata Juni 2018, na nchi nyingine baadaye.

Muundo

HomePod ina umbo la mcheduara lenye kimo cha sentimita 17.2 na uzito wa kilo 2.5, na imefunikwa kwa kitambaa cha wavu. Iliuzwa kwa rangi mbili, nyeupe na kijivu. Ndani yake mna spika moja kubwa ya besi inayoelekea juu, spika ndogo saba za sauti za juu zilizopangwa kwa duara upande wa chini, maikrofoni sita na chipu ya A8, ambayo ilitumika pia katika simu ya iPhone 6.

Maikrofoni hizo hazisikilizi amri tu. Hupima pia jinsi sauti inavyorudi kutoka ukutani, na chipu hurekebisha muziki kulingana na mahali spika ilipowekwa. Kwa hiyo mtumiaji hahitaji kupanga chochote mwenyewe. Spika ikihamishwa, hupima upya.

Kifaa hicho hakina tundu la kuchomeka waya wa sauti, wala hakipokei muziki kwa Bluetooth kutoka simu yoyote. Ili kukiandaa kwa mara ya kwanza, mtumiaji alihitaji kuwa na iPhone, iPad au iPod touch. Mwenye simu ya Android hakuweza kukitumia peke yake.

Mapokezi ya mwanzo

Bei ya HomePod ilikuwa dola 349 za Marekani. Wakati huo Google Home ya kawaida ilikuwa na bei ya dola 129, na katika siku hizohizo kampuni ya Sonos iliuza spika mbili za Sonos One kwa dola 349, yaani bei ya HomePod moja. Ulinganisho huo ulitajwa mara nyingi na wanunuzi.

Kuhusu sauti, wachambuzi wengi waliisifu kwa besi nzito na sauti inayojaza chumba kutoka chombo kidogo. Hata hivyo, sifa hizo hazikukubaliwa na wote. Shirika la kutetea wanunuzi la Consumer Reports la Marekani liliipa daraja zuri sana katika majaribio yake ya Februari 2018, lakini likaona Sonos One na Google Home Max zilikuwa na sauti bora kidogo.

Lawama zilielekezwa zaidi kwa Siri, kisaidizi cha sauti cha Apple. Kampuni ya Loup Ventures iliiuliza HomePod maswali 782 mwezi Februari 2018, nayo ikajibu kwa usahihi asilimia 52.3. Google Home ilifikia asilimia 81. Mambo mengine yaliyolalamikiwa ni haya:

- Haikuweza kuendesha vipima muda viwili kwa pamoja, jambo linalohitajika sana jikoni.
- Haikutofautisha sauti za watu wa nyumba moja. Mwenye spika akiruhusu ujumbe wake usomwe, mtu yeyote aliyekuwa chumbani aliweza kuomba asomewe.
- Amri za mdomo za muziki zilifanya kazi na huduma za Apple. Msikilizaji wa Spotify alilazimika kuchagua wimbo kwenye simu na kuutuma kwa AirPlay.
- Spika mbili hazikuweza kuunganishwa kuwa jozi ya stereo, ingawa Apple ilikuwa imeahidi uwezo huo.
- Mwanzoni ilielewa Kiingereza tu. Lugha nyingine ziliongezwa baadaye, lakini Kiswahili hakikuwamo.

Siku chache baada ya mauzo kuanza, baadhi ya wateja waliona duara jeupe juu ya meza zao za mbao pale spika ilipokaa. Apple ilieleza kwamba si ajabu kwa spika yenye kitako cha silikoni cha kupunguza mtikisiko kuacha alama ndogo kwenye baadhi ya mbao, na kwamba mara nyingi alama hizo hufifia baada ya siku kadhaa. Iliwashauri wenye wasiwasi waiweke mahali pengine.

Suala la ukarabati lilizua malalamiko pia. Kampuni ya iFixit, inayofungua vifaa ili kupima urahisi wa kuvitengeneza, iliipa HomePod alama 1 kati ya 10. Nchini Marekani, gharama ya matengenezo kwa mteja asiye na dhamana ilikuwa dola 279, karibu sawa na kununua mpya.

Maboresho ya programu

Kasoro kadhaa zilirekebishwa kwa masasisho ya programu bila mteja kununua kifaa kipya. Mei 2018 iliongezwa AirPlay 2, iliyoleta jozi ya stereo na uwezo wa kupiga muziki katika vyumba kadhaa kwa pamoja. Septemba mwaka huo viliongezwa vipima muda vingi na uwezo wa kupiga simu. Katika jaribio la Loup Ventures la Desemba 2018, majibu sahihi ya HomePod yalipanda hadi asilimia 74.6, yakiipita Alexa ya Amazon lakini yakibaki nyuma ya Google.

Masasisho hayo yalionyesha pia upande wa pili wa kutegemea programu. Oktoba 2019 Apple ilitoa toleo la 13.2 lililowezesha spika kutambua sauti za watu mbalimbali. Baadhi ya spika zilizima kabisa baada ya kusasishwa na kurejeshwa katika hali ya kiwandani. Kampuni iliondoa toleo hilo, ikawataka wateja wasirejeshe spika zao katika hali hiyo, kisha ikatoa toleo la 13.2.1 lenye marekebisho.

Aprili 2019 bei rasmi ilipunguzwa hadi dola 299. Novemba 2020 Apple ilianza kuuza HomePod mini, iliyo ndogo zaidi, kwa dola 99.

Kusitishwa

Katika tangazo la Machi 2021, Apple ilisema inaelekeza nguvu zake kwenye HomePod mini. HomePod kubwa ingeendelea kuuzwa hadi akiba iishe, na walio nayo wangeendelea kupata masasisho na huduma. Google ilikuwa imekwisha kuachana na spika yake kubwa, Google Home Max, Desemba 2020.

Maoni ya wateja yaligawanyika katika makundi makuu matatu. Kundi la kwanza halikushangaa. Kwao, spika ya bei hiyo isingeweza kushindana na nyingine zilizouzwa kwa theluthi ya bei yake na kufanya kazi na simu za aina zote.

Kundi la pili lilisikitika kwa sababu HomePod mini haikuwa mbadala kamili. Sauti yake ni nzuri kwa ukubwa wake, lakini haiwezi kufikia besi ya spika kubwa. Vilevile HomePod na HomePod mini haziwezi kuunganishwa kuwa jozi ya stereo, kwani jozi huhitaji spika mbili za aina moja. Aliyekuwa na spika moja na kutaka ya pili ilimbidi ainunue kabla akiba haijaisha. Wengine walitaka jozi kwa ajili ya televisheni, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2020 HomePod kubwa iliweza kutoa sauti ya Dolby Atmos kutoka Apple TV 4K.

Kundi la tatu lilihofia muda ambao vifaa vyake vingeendelea kutumika. Spika ya kawaida ya waya hudumu maadamu haijaharibika, lakini spika janja hutegemea seva na programu za kampuni iliyoitengeneza. Hofu hiyo ilikuwa na mfano wa karibu. Januari 2020 Sonos ilitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyake vya zamani havitapata tena masasisho mapya. Wateja walikasirika, na mkurugenzi wake Patrick Spence akaomba radhi na kuahidi kwamba vifaa hivyo vitaendelea kufanya kazi.

Katika suala la HomePod, ahadi ya masasisho ilitimizwa. Oktoba 2021, miezi saba baada ya tangazo, toleo la 15.1 liliiwezesha kupiga muziki usiopunguzwa ubora. Mwaka 2023 ilikuwa bado inapokea masasisho, likiwamo toleo la 17. Ugumu ulibaki kwenye matengenezo, kwa kuwa spika iliyoharibika haikuwa rahisi kufunguliwa na fundi wa kawaida.

Soko la vifaa vilivyotumika

Baada ya akiba ya madukani kuisha, HomePod ziliendelea kuuzwa kati ya mtu na mtu. Kwenye masoko ya mtandaoni kama eBay, nyingine ziliuzwa kwa zaidi ya dola 299, bei ya mwisho ya dukani. Hali hiyo si ya kawaida kwa vifaa vya elektroniki, ambavyo kwa kawaida hushuka thamani haraka vikishatumika.

Kizazi cha pili

Tarehe 18 Januari 2023 Apple ilitangaza HomePod ya kizazi cha pili, ikaanza kuuzwa tarehe 3 Februari kwa dola 299. Umbo lake linakaribiana sana na la kwanza, lakini ina spika ndogo tano badala ya saba, maikrofoni nne badala ya sita, chipu ya S7, vihisio vya joto na unyevu, na waya wa umeme unaochomoka. Haiwezi kuunganishwa na spika ya kizazi cha kwanza kuwa jozi ya stereo. Hivyo, mwenye spika moja ya zamani aliyetaka jozi alibaki na njia mbili: kutafuta nyingine iliyotumika au kununua mbili mpya.