Cheti cha Ufundi na Leseni kwa Vinyozi na Wasusi wa Mvumi

Mkazi wa Mvumi, wilayani Chamwino, anayetaka kufungua saluni anapaswa kutofautisha nyaraka mbili. Cheti huthibitisha ujuzi. Leseni huruhusu biashara. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Miongoni mwa watoaji wa mafunzo ya ufundi ni Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Anayeanza husomea katika chuo kilichosajiliwa, na vyeti vya ufundi hutolewa kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Fundi aliyejifunzia kazini naye hakuachwa: upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hupimwa, hupatiwa mafunzo ya kuziba upungufu, kisha hutunukiwa cheti.

Leseni hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Mwombaji hujipatia kwanza Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania, ndipo huwasilisha maombi katika Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino.

Nyaraka hizo haziondoi wajibu wa kulinda afya ya mteja. Wembe hutumika kwa mtu mmoja tu, na mashine hutakaswa kila baada ya mteja, kwani damu huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Aidha, vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini.