Eddie Robinson na Chuo cha Grambling
Eddie Robinson alianza kufundisha futiboli ya Kimarekani mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 22, katika chuo kidogo cha watu weusi huko Grambling, kaskazini mwa Louisiana. Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge. Alistaafu mwaka 1997 katika chuo kilekile, akiwa na ushindi wa mechi 408.

Idadi hiyo ndiyo hutajwa kwanza, lakini haielezi mengi bila kuutaja ubaguzi wa rangi. Vyuo vikuu vya wazungu vya Kusini mwa Marekani vilikuwa vimewafungia milango vijana weusi, kwa hiyo wachezaji hodari wa eneo zima waliishia katika vyuo vichache, Grambling kikiwamo. Hata huko, ligi ya kulipwa ya NFL haikuwatazama. Paul Younger, aliyejiunga na Los Angeles Rams mwaka 1949, ndiye mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha weusi kuingia ligi hiyo. Wanafunzi wengine wa Robinson zaidi ya 200 walimfuata katika futiboli hiyo ya kulipwa.

Nafasi moja iliendelea kuwa ngumu: ya kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Makocha wengi waliamini, bila hata kuona haya, kwamba mtu mweusi hana akili ya kuongoza, wakawahamishia vijana weusi nafasi nyingine. Robinson alimwandaa James Harris kwa nafasi hiyo waziwazi, na mwaka 1969 Harris alianza msimu akiwa kwotabeki wa Buffalo Bills. Kisha akaja Doug Williams, naye mwanafunzi wa Robinson. Januari 1988, timu yake ya Washington iliichapa Denver 42–10 katika Super Bowl, fainali ya NFL, na Williams, kwotabeki mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo, alitoa pasi nne za alama katika robo ya pili pekee.

Wakati huo Grambling ilikuwa imeanza kupungukiwa na wachezaji hodari. Tangu miaka ya 1970, vyuo vikubwa vya Kusini viliwagombea vijana weusi ambao viliwakataa awali, vikiwa na fedha na viwanja ambavyo Robinson hakuwa navyo. Misimu yake mitatu ya mwisho, timu ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Williams ndiye aliyempokea kijiti mwaka 1998, akatwaa ubingwa wa kanda mara tatu mfululizo, 2000 hadi 2002.