Stimpanki: Utani wa 1987 Uliogeuka Fasheni, Muziki na Magemu

Andika "steampunk" Pinterest au YouTube, halafu subiri sekunde mbili. Zitamwagika picha za watu wenye kofia ndefu nyeusi, miwani kama ya fundi wa kuchomelea, saa za mnyororo, na mikono ya bandia iliyojaa gia. Laptop imevalishwa mbao na shaba mpaka inafanana na cherehani ya bibi. Meli zinapaa angani huku zinatoa moshi. Ukigusa video moja tu umekwisha, wiki nzima ni shaba kwa kwenda mbele.

Wengi wanaoikuta stimpanki kwa njia hiyo wanadhani ni kitu cha enzi za Malkia Victoria. Kumbe jina lenyewe limezaliwa 1987, tena kwa utani.

Miaka ile mtindo wa riwaya uliokuwa ukibamba Marekani ulikuwa saibapanki: wadukuzi, kompyuta, miji michafu yenye taa za neoni. Pembeni walikuwepo jamaa watatu wa California, K.W. Jeter, Tim Powers na James Blaylock, wanaandika visa vya ajabu vilivyotokea London ya karne ya 19. Aprili 1987 jarida la Locus likachapa barua ya Jeter. Alikuwa anatafuta jina moja la kuwabeba wote watatu, akawatania wale wa saibapanki kwa kuchomoa "saiba" na kuweka mvuke. Mzaha ukanasa.

Ladha yenyewe ni ya zamani kuliko jina, hilo ni kweli. Mfaransa Jules Verne alishaizamisha Nautilus yake baharini tangu 1870, na H.G. Wells akaleta mashine ya kusafiri kwenye wakati mwaka 1895. Tofauti ni kwamba hao walikuwa wanaota kesho yao. Stimpanki inaota kesho ya watu wa jana, ile ambayo haikuja.

Mwaka 1990 William Gibson, mmoja wa vichwa vya saibapanki yenyewe, aliungana na Bruce Sterling wakatoa The Difference Engine. Swali lao: ingekuwaje kama Mwingereza Charles Babbage angefanikiwa kuunda kompyuta za gia na mvuke karne ya 19? Hapa historia ya kweli inanoga kuliko riwaya. Mwaka 1991 makumbusho ya sayansi ya London yaliunda mashine moja ya Babbage kwa kufuata michoro yake ya miaka ya 1840. Ni chuma cha tani kadhaa, kinazungushwa kwa mkono, na kilipiga hesabu bila kukosea. Babbage alikuwa ameshakufa miaka 120 nyuma, bila kuiona.

Kilichoitoa stimpanki vitabuni ni intaneti. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mafundi wa gereji walianza kuposti kazi zao. Kibodi ya kawaida inavuliwa plastiki na kuwekewa vitufe vya taipureta. Flashi inafichwa ndani ya bomba la shaba. Ukiangalia vizuri, hawa hawakuwa wanacheza tu. Simu ya leo ikifa unaambiwa haitengenezeki, nunua nyingine. Mashine ya mvuke unaiona inavyofanya kazi, gia hii inasukuma ile, na ikigoma unajua pa kugonga. Mwaka 2009 makumbusho ya historia ya sayansi ya Oxford yakaandaa maonyesho ya kazi za namna hii, na mambo ya gereji yakakaa kwenye kabati za vioo.

Muziki, kusema ukweli, ndio upande dhaifu. Bendi ya Abney Park kutoka Seattle ilianza kama bendi ya gothi, kisha wakajigeuza mabaharia wa meli ya angani, na shoo zao zina raha yake. Lakini hakuna mdundo ambao ukiusikia umefumba macho utasema hii ni stimpanki. Mavazi ndiyo yanayobeba. Justin Bieber alipotoka na gia na shaba kwenye video yake ya Krismasi mwaka 2011, ilikuwa wazi kwamba fasheni imeshafika hadi kwa watoto wa shule.

Magemu ndiyo yameibeba kweli. Dishonored ya 2012 ina jiji linaloendeshwa kwa mafuta ya nyangumi huku tauni inaua maskini. Halafu ikaja Frostpunk ya 2018, kutoka Poland. Dunia imeganda, mwaka ni 1886, na watu wako wanazunguka jenereta moja la makaa ya mawe. Wewe ndiye mkuu. Kati ya sheria za mwanzo unazoweza kupitisha ni ya watoto kufanya kazi. Makaa yanaisha, usiku unakuja, kidole kiko juu ya kitufe. Picha za kofia na miwani hazikuulizi swali kama hilo.

Maana mvuke wa kweli ulikuwa na wabebaji wake. Afrika Mashariki inaujua: reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 mpaka 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walifia kazini. Neno "stima" lilikuwa la meli ya mvuke kabla Wakenya hawajalipa umeme.

Kongo ndiyo ilikuwa balaa. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliifanya mali yake binafsi, askari wake wakawa wanakata watu mikono katika biashara ya mpira. Mwaka 2016 mwandishi Mmarekani Mweusi Nisi Shawl aliiweka stimpanki hapo hapo. Kwenye riwaya ya Everfair, wasoshalisti wa Uingereza na wamisionari Weusi wa Marekani wananunua ardhi kwa Leopold, wanaungana na wenyeji, na nchi mpya inazaliwa. Ina vyombo vya angani vinavyopigana na jeshi la mfalme. Ina pia ule mkono wa bandia unaojaa Pinterest, ila humo unaundwa na fundi kutoka Macau kwa ajili ya watu waliokatwa mikono yao.

Kisa hicho kiliendelea 2024 kwenye riwaya ya pili, Kinning.