Kuogesha paka: maji si mabaya, angalia kile unachotia ndani

Mu nyumba nyingi za Bukavu, paka ana kazi. Akikosekana, panya wanatoboa mfuko wa unga, wanakula maharagi, wanatembea juu ya sahani usiku. Basi paka akirudi ananuka, ao akijikuna kila saa, watu wa nyumba wanaona vizuri kumuogesha. Wanaleta ndobo ya maji na sabuni ya unga. Wengine wanaongeza petroli kidogo, ao dawa ya ngombe, ili viroboto wafe.

Kesho yake paka anatetemeka, anatoa mate mengi, hatembei sawasawa. Hapo watu wanaanza kusema: jirani amemlisha sumu. Kumbe sumu inaweza kuwa ilitoka katika ndobo ile ile ya jana. Kabla ya kumushitaki mutu, inafaa kujua namna mwili wa paka unavyofanya kazi.

Paka anajiogesha mwenyewe

Ulimi wa paka una miiba midogo inayoangalia nyuma, sawa vile kisanuo. Kwa ulimi huo anatoa uchafu, manyoya yaliyokufa na hata viroboto wengine. Paka mzima, mwenye afya na manyoya mafupi kama wengi wa kwetu, hana lazima ya kuogeshwa kila juma wala kila mwezi. Anaweza kumaliza maisha yake yote bila kuogeshwa.

Lakini ulimi huo ndio unaleta hatari. Kitu chote unachomupaka ku manyoya, atakilamba na kukimeza. Mbwa haogi hivyo, na mutu haogi hivyo. Tena ini la paka halivunji sumu nyingi sawa vile ini la mbwa. Ndiyo sababu dawa ambayo mbwa anaivumilia inaweza kuua paka.

Wakati gani inafaa kumuogesha

Muogeshe kama ameangukiwa na kitu ambacho haifai akilambe: mazutu, petroli, mafuta ya motere, rangi, ao uchafu wa choo. Muogeshe pia kama amezeeka ao amenenepa sana na hafikii tena mgongo wake, ao kama munganga wa nyama amekuomba juu ya ugonjwa wa ngozi.

Usiogeshe mtoto wa paka ambaye hajafikisha majuma 8, paka mgonjwa, mwenye mimba, anayenyonyesha, ao mwenye kidonda. Hao upanguse tu na kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha uwakaushe.

Vitu vya kutotia ndani ya maji

- Dawa ya kuogeshea ngombe, mbuzi ao mbwa. Soma karatasi ya chupa: ukiona permetrini, sipermetrini, deltametrini ao amitrazi, weka mbali na paka.
- Dawa ya kupuliza mende na mbu. Hiyo pia mara nyingi iko na dawa za jamaa ya permetrini.
- Petroli, mazutu na esansi. Zinachoma ngozi, na paka akizilamba zinaweza kuingia mu mapafu.
- Javeli, na zile dawa za kuua mikrobe ambazo zikiingia mu maji, maji yanageuka meupe kama maziwa.
- Sabuni ya unga ya kufulia. Ni kali, inachoma macho, na povu ikibaki ku manyoya atakula.

Ukiweza kupata shampoo ya paka ku famasi ya mifugo, ni vizuri. Kama haiko, sabuni ya maji ya kuoshea sahani inaweza kusaidia kutoa mafuta ao petroli siku moja, lakini isiwe desturi, juu inakausha ngozi.

Namna ya kumuogesha

Bukavu iko juu, karibu metre 1500, na jioni baridi inaingia mapema. Chagua saa za jua, asubuhi kiisha kupata joto ao mchana. Hata ukichota maji kwa bidon na kuyalipia, ya kuogeshea paka si mengi: litre 10 zinaweza kutosha.

1. Tayarisha vyote mbele: mabasini mawili, sabuni, vikwembe viwili vya zamani. Funga mlango na dirisha. Mutafute watu wawili, mmoja wa kushika na mmoja wa kuosha. Watoto wadogo wakae mbali.

2. Kama ni mafuta ao rangi mbichi, panguza kwanza na kitambaa kikavu.

3. Maji yawe ya vuguvugu. Mwili wa paka uko na joto la digri 38 mpaka 39, basi pima na kiwiko sawa vile ya mtoto mchanga: usisikie baridi, usisikie moto.

4. Tandika kikwembe chini ya basini. Paka anapigana zaidi akisikia miguu inateleza. Maji yafike ku tumbo tu.

5. Muweke polepole, miguu ya nyuma kwanza, mkono mmoja ku mabega. Usimuinue kwa ngozi ya shingo. Usimtupe ndani, na usimtupe mu ziwa ati ajue kuogelea.

6. Mimina maji na kikombe kuanzia shingo kwenda ku mkia. Kichwa usikimwagie: uso upanguse na kitambaa kisicho na sabuni. Maji yasiingie mu masikio.

7. Mutoe sabuni yote mu basini ya pili. Kama manyoya yangali yanateleza, rudilia.

8. Mufunge mu kikwembe kikavu, umkaushe, akae mu jua ao mu chumba chenye joto mpaka akauke kabisa. Usimuweke karibu sana na babula. Kisha umpe sambaza kidogo: siku ingine hatakimbia akiona basini.

Akianza kulia kwa nguvu, kupumua na mdomo wazi ao kuuma, acha. Kitambaa kitamaliza kazi.

Viroboto hawakai ku paka tu

Hapa ndipo wengi wanapoteza nguvu. Kiroboto anataga mayai ku paka, lakini mayai yanaanguka mu mkeka, mu blanketi, mu nyufa za mbao. Ukiogesha paka na kuacha mahali anapolala, mu siku chache viroboto wanarudi. Osha matandiko yake na maji ya moto, yaanike mu jua, fagia chini ya kitanda kila siku. Paka mwenyewe umchane na kisanuo cha chawa, na kila mara ukichovye mu maji ya sabuni ili viroboto wazame.

Kwa wasikilizaji wa Ituri kuna jambo la kuongeza. Kule ugonjwa wa tauni, ile peste, haujaisha. Mwaka 2020 ulionekana tena mu zone ya afya ya Rethy. Viroboto vya panya ndivyo vinauleta, na paka aliyekula panya mgonjwa anaweza kuupata na kuuambukiza mutu. Ukiona panya wengi wanakufa bila sababu, ao paka yuko na homa na uvimbe, usimushike kumuogesha. Peleka habari ku kituo cha afya.

Kama ametiwa dawa mbaya

Usingojee. Muoshe mara moja na maji ya vuguvugu na sabuni ya sahani, maji yasiwe ya moto. Usimtapishe. Maziwa na mafuta si dawa ya sumu. Mufunge ili asijilambe, umpeleke kwa munganga wa nyama pamoja na chupa ya dawa ile, juu jina la dawa litamsaidia kujua cha kufanya.

Kama amekuuma

Osha kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15, kisha uende ku kituo cha afya siku ileile. Kichaa cha mbwa kinaweza kutoka hata kwa paka, na dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mutu anakufa. Chanjo inayotolewa mapema inaokoa. Kidonda kidogo cha jino la paka kinaweza pia kuvimba na kutoa usaha, hata kama juu hakionekani kitu.

Ukikosa shampoo na hujui dawa gani ya kutumia, maji matupu ya vuguvugu na kitambaa vinatosha.