Janet Wanja, seta wa Malkia Strikers

Msichana wa Buzebazeba, Kigoma, anayeichezea timu ya wavu ya mkoa kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hukabiliwa na swali gumu akishamaliza kidato cha nne: sasa nicheze wapi? Wakenya walilijibu swali hilo zamani, na ukitaka kuona jibu lao lilizaa nini, fuatilia maisha ya Janet Wanja.

Alizaliwa Februari 1984, na uwanjani alikuwa seta. Watazamaji wengi humshangilia mpigaji, yule anayeruka na kuushindilia mpira chini. Lakini timu ina miguso mitatu tu kabla mpira haujavuka, na wa pili karibu kila mara ni wa seta. Mpira umepokewa vibaya, umeangukia pembeni. Lazima aufikie, ajue nani yuko tayari kupiga, aone wapinzani wanajipanga wapi kuzuia, kisha auinue kwa ncha za vidole juu ya wavu wa mita 2.24. Akikosea, hata mpigaji hodari anagonga ukuta wa mikono. Akipatia, pointi inaandikwa kwa jina la mwingine. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kumtazama kwanza.

Mwaka 2004, akiwa na miaka 20, Wanja alikuwa Athens kwenye Olimpiki na Malkia Strikers, timu ya taifa ya wavu ya wanawake ya Kenya. Kundi lao lilikuwa na Brazil, Italia, Japani, Korea Kusini na wenyeji Ugiriki. Kenya ilifungwa mechi zote tano. Ni matokeo machungu, ila kufika pale kulikuwa na historia nyuma yake: timu hiyo ilishatwaa ubingwa wa Afrika mara nne mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1997. Mwaka 2005 ikautwaa tena kule Abuja, na mwaka 2007 ikaubakiza nyumbani Nairobi.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Makazini. Kampuni ya bomba la mafuta, yaani Pipeline, pamoja na Magereza, benki ya KCB na hata watu wa posta na simu, waliajiri wasichana na kuwaundia timu. Wanja aliichezea Pipeline. Klabu hizo zilishindana zenyewe kwa zenyewe kwa ukali mkubwa, kisha zikaenda kuwania ubingwa wa klabu za Afrika, na mara nyingi kombe likapanda ndege kurudi Nairobi.

Alipoacha kucheza hakuuacha mchezo. Aligeukia kazi ya kuwajengea wachezaji nguvu na pumzi. Baada ya Cameroon kutawala mara tatu mfululizo, Kenya ilirudisha taji mwaka 2023, tena mjini Yaoundé kwenyewe. Mwaka uliofuata, miaka 20 tangu Athens, Wanja alikuwa Paris kwenye Olimpiki akiwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo wa timu ileile. Desemba 27, 2024, saratani ilimchukua. Alikuwa na miaka 40.

Tanzania haijawahi kupeleka timu ya wavu ya wanawake Olimpiki. Vipaji tunavyo, ajira za kuvitunza ndizo chache, na nyingi ziko mbali na Ziwa Tanganyika. Kigoma ina bandari, reli, halmashauri na mabenki. Taasisi mojawapo ikiajiri wasichana kumi na wawili na kocha mmoja, binti wa Buzebazeba atakuwa na mahali pa kwenda akimaliza shule.