Baada ya Upasuaji: Historia ya Matunzo ya Kichakata Sauti na Mafunzo Yake kwa Kampala

Historia ya kipandikizi cha kusikia imezoeleka kuandikwa kama historia ya wapasuaji. Hutajwa André Djourno na Charles Eyriès wa Paris mwaka 1957, William House wa Los Angeles mwaka 1961, na Graeme Clark wa Melbourne, ambaye mwaka 1978 alipandikiza kifaa chenye elektrodi nyingi. Masimulizi hayo hukomea kwenye chumba cha upasuaji, ilhali kwa mtumiaji hapo ndipo inapoanza historia ya pili, yaani ya matunzo ya kila siku. Kwa jiji la Kampala, historia hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kisera.

Kipandikizi kina sehemu mbili. Ya ndani hukaa chini ya ngozi, na huweza kudumu kwa miongo kadhaa. Ya nje, kichakata sauti, hunasa sauti, huigeuza kuwa ishara, kisha huipitisha ngozini kwa koili inayoshikiliwa na sumaku. Kichakata kikizimika, sehemu ya ndani haina kazi. Katika miaka ya 1980 kichakata kilikuwa kisanduku kilichovaliwa kiunoni. Katika miaka ya 1990 kikahamia nyuma ya sikio. Kufikia mwaka 2013 kilipatikana pia kama kitufe kimoja kisicho na waya. Kila hatua iliondoa kero moja na kuleta nyingine. Waya mrefu wa kisanduku ulikatika mara kwa mara, lakini betri zake zilikuwa za kawaida, za dukani. Vifaa vidogo vilivyofuata vilihitaji betri maalumu za zinki na hewa, zinazodumu siku chache tu, au betri za kuchaji.

Mazingira ya Kampala huyapa mambo hayo sura yake. Jiji liko karibu na Ziwa Victoria, nalo hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Unyevu na jasho huziba maikrofoni na kuozesha viunganishi. Kwa hiyo kifaa hufutwa kwa kitambaa kikavu, huvuliwa kabla ya kuoga, na usiku huwekwa ndani ya chombo chenye chembe za kukausha unyevu. Kofia ngumu ya bodaboda huweza kuing'oa koili. Betri za kuchaji nazo hutegemea umeme, na mgao wa mwaka 2006, maji ya ziwa yalipopungua na uzalishaji wa Jinja kushuka, ulidhihirisha jinsi tegemeo hilo linavyoweza kuyumba.

Mzigo huu uliongezeka baada ya mwaka 1990, Marekani ilipoidhinisha kipandikizi kwa watoto kuanzia umri wa miaka miwili. Mtoto mdogo huenda asiweze kueleza kwamba sauti imefifia. Ndiyo maana jaribio la sauti sita la Daniel Ling lina thamani: kila asubuhi mzazi au mwalimu hutamka *a, i, u, m, s* na *sh* bila mtoto kumwona mdomo, naye huonyesha alichosikia. Jaribio hilo halina gharama, lakini humhitaji mtu aliyefunzwa. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2021 kwamba asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini zilikuwa na chini ya mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja.

Uganda haianzi patupu. Chama cha kitaifa cha viziwi kiliundwa mwaka 1973, Katiba ya mwaka 1995 iliitambua lugha ya alama, na Chuo Kikuu cha Kyambogo huandaa walimu wa elimu maalumu. Urithi huo unapendekeza mambo mawili. Kwanza, bajeti ya kipandikizi ihesabu betri, waya na vipuri kwa maisha yote ya mtumiaji, wala isiishie kwenye upasuaji. Pili, mtoto mwenye kipandikizi asinyimwe lugha ya alama, kwa kuwa siku kichakata kitakaponyamaza, lugha hiyo ndiyo itakayombakisha darasani.