Manowari za Wageni Mlangoni: Mafunzo ya Jeshi la Majini la Dola ya Uthmaniya

 

Aya ya 60 ya Suratul Anfal imeamrisha kuandaa nguvu kwa kadiri ya uwezo. Baharini nguvu ni merikebu. Sayyidna Umar (r.a.) hakumruhusu Muawiya kuwapandisha watu baharini kwa kuwahofia. Sayyidna Uthman (r.a.) ndiye aliyeruhusu, kwa sharti kwamba asilazimishwe mtu, na mwaka 28 Hijria jeshi likavuka hadi Cyprus. Basi tutazame yaliyoifika dola iliyokuwa na merikebu kisha ikaziacha zioze.

Sultani Abdulaziz, aliyetawala kuanzia mwaka 1861 hadi 1876, alijenga kikosi cha manowari za chuma kilichohesabiwa miongoni mwa vikubwa duniani. Lakini nyingi zilinunuliwa kwa mikopo ya Ulaya, na mwaka 1875 hazina ikashindwa kulipa madeni. Mwaka uliofuata Sultani akauzuliwa, na usiku ule kasri lake lilizingirwa na askari upande wa nchi kavu na manowari zake mwenyewe upande wa bahari.

Sultani Abdulhamid wa Pili alilishuhudia jambo hilo. Alipokalia kiti alirithi mambo mawili: hazina tupu na hofu ya wanamaji. Mwaka 1881 sehemu ya mapato ya dola iliwekwa chini ya idara ya wadai wa kigeni. Manowari zikafungwa katika hori ya Haliç, Istanbul, miaka nenda miaka rudi, zikala kutu. Ilipozuka vita na Ugiriki mwaka 1897, zilitolewa hadi mlango wa Dardanelles zikatia nanga pale, kwa kuwa hazikufaa kupigana. Ushindi ulipatikana nchi kavu tu.

Baadhi ya ndugu zetu humtetea Sultani huyu katika kila jambo, na wengine humlaumu kwa kila jambo. Sisi tunaona uadilifu ni kusema yote mawili: deni hakulianzisha yeye, lakini hofu ya mtawala kwa askari wake iliongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Matokeo hayakuchelewa. Novemba 1901 manowari za Ufaransa zilikikalia kisiwa cha Lesbos kwa ajili ya madai ya fedha ya raia wake wawili, na Sultani akakubali kulipa. Mwaka 1905 dola kadhaa za Ulaya zilirudi hapo hapo kwa pamoja, zikazishika forodha za Lesbos na Lemnos, mpaka akakubali zisimamie fedha za Makedonia. Hakuna merikebu iliyotoka kuwazuia.

Raia waliyaona haya yote. Julai 1909, baada ya Abdulhamid kuuzuliwa, iliundwa Istanbul jumuiya ya kulisaidia jeshi la majini kwa michango ya umma. Watumishi walitoa sehemu za mishahara, na matawi yakafunguliwa mikoani. Mwaka 1910 michango hiyo ilisaidia kununua Ujerumani manowari nne ndogo za mwendo wa kasi na mbili kubwa kuukuu.

Lakini muda haukutosha. Septemba 1911 Italia ilitangaza vita ili kuiteka Tripoli, na dola haikuweza kupeleka jeshi kwa bahari. Maafisa wachache walipenya kwa siri kupitia Misri, wakajiunga na wenyeji na Masanusi. Mwaka 1912 Rhodes na visiwa jirani vikatekwa.

Hapa ndipo panapokuja suala la fiqhi: je, inafaa raia kubebeshwa mzigo wa ulinzi hazina inapokuwa tupu? Imam Ghazali na Imam Shatibi walijuzisha mtawala kuwatoza matajiri kwa kadiri ya dharura. Lakini sharti limewekwa. Kabla ya vita vya Ain Jalut, mwaka 658 Hijria (1260), Sheikh Izzuddin bin Abdissalam alifutu kwamba mali ya raia isichukuliwe mpaka maamiri watoe kwanza mapambo yao ya dhahabu. Kwa mizani hiyo, haki ya mchangiaji ni kuwaona wakubwa wametangulia.

Na ipo haki ya pili: mali yake ihifadhiwe. Manowari mbili kubwa mpya, Sultan Osman na Reşadiye, zilijengwa Uingereza, na sehemu ya fedha zake ilitokana na michango ya watu. Mwanzoni mwa Agosti 1914, wanamaji wakiwa wamekwisha fika kuipokea Sultan Osman, Uingereza ilizichukua zote mbili. Watu waliwaka ghadhabu. Siku chache baadaye, tarehe 10 Agosti, manowari mbili za Ujerumani ziliingia Dardanelles na zikapokewa kama faraja. Oktoba 29 zikaongoza mashambulizi ya bandari za Urusi, na dola ikaingia katika vita vilivyoimaliza.

Hata hivyo sadaka haikupotea yote. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1915, Muavenet-i Milliye, mojawapo ya zile nne ndogo, iliizamisha manowari ya Uingereza Goliath karibu na Dardanelles, wakafa zaidi ya watu 500. Goliath ndiyo iliyokuwa imeupiga mizinga mji wetu wa Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba 1914.

Ndugu msomaji, tunajifunza kwamba kupunguza matumizi ya ulinzi si dhambi kwa dola yenye madeni, bali huenda ikawa wajibu. Dhambi ni kukopa kwa fahari, kisha kukiacha kilichonunuliwa kioze, kisha kumgeukia mnyonge wakati adui amekwisha fika. Ulinzi ni amana. Aliyepewa aitunze kabla ya kuwaomba watu wengine watoe.

Wallahu a'lam.